Walawi wa Hesabu, wa Kumbukumbu la Torati na wa Mambo ya Nyakati: uanzie wapi kufundisha?

Kikundi cha Biblia kikiamua kusoma habari za Walawi, wale wa kabila la Lawi katika Israeli, kitabu kinachofunguliwa haraka kuliko vyote ni kile kisichofaa: Mambo ya Walawi. Hicho ni kitabu cha sadaka, unajisi, utakatifu na kazi za makuhani. Walawi wenyewe wanatajwa humo mahali pamoja tu, sura ya 25, penye sheria ya nyumba zao za mijini. Unaweza kukaa nacho miezi miwili ukajua vizuri mafuta ya kondoo yaliteketezwa vipi, na bado usijue Mlawi aliamka asubuhi kwenda kufanya nini.

Vitabu vinavyowaonyesha Walawi kwa kirefu ni Hesabu, Kumbukumbu la Torati na Mambo ya Nyakati. Kabila ni lile lile, lakini ukiviweka kimoja kando ya kingine unakutana na watu watatu: mbeba mizigo wa jangwani, jirani asiye na shamba aliyekaa malangoni pa mji, na mwimbaji au bawabu wa hekalu. Navilinganisha hapa ili mwalimu wa shule ya Jumapili, kiongozi wa kwaya au mzee wa kanisa achague akijua anachochukua na anachoacha. Niseme mapema ninakosimama: mimi ningeanza na Kumbukumbu la Torati, ingawa mazoea ya wengi ni kuanza na Hesabu.

Kabila lisilo na ardhi

Lawi alikuwa mwana wa tatu wa Yakobo na Lea. Katika Mwanzo 34, yeye na Simeoni waliwaua kwa upanga wanaume wa mji wa Shekemu kwa sababu ya aliyotendwa dada yao Dina. Baba yao hakulisahau jambo hilo. Katika maneno yake ya mwisho, Mwanzo 49, aliwatamkia wote wawili kwamba watatawanywa katika Israeli. Wakatawanyika kweli, kila mmoja kwa namna yake. Simeoni alimezwa ndani ya mipaka ya Yuda. Lawi alisambazwa katika miji ya makabila yote, na kule kusambazwa kukageuka kuwa utumishi. Mambo yaligeuka siku ya ndama wa dhahabu, Kutoka 32, Musa aliposimama mlangoni pa kambi akauliza ni nani aliye upande wa Bwana, na wana wa Lawi wakamkusanyikia.

Nchi ya Kanaani ilipogawanywa, Lawi hakupata fungu. Makabila yalibaki kumi na mawili kwa kuwa Yusufu alirithi mara mbili, kwa wanawe Efraimu na Manase. Mwalimu asilipite jambo hili haraka. Katika jamii ya wakulima na wafugaji, asiye na shamba anakula kwa mkono wa mwenzake. Kwa hiyo kila kitabu kati ya hivi vitatu kinalazimika kujibu swali hili: watu hawa watakula nini, na watafanya kazi gani ili wale? Hicho ndicho kipimo ninachotumia kuvilinganisha.

Jambo jingine la kuweka sawa kabla ya yote ni uhusiano wa Walawi na makuhani. Haruni alikuwa Mlawi wa ukoo wa Kohathi, na ukuhani ulikuwa wa nyumba yake. Basi kila kuhani ni Mlawi, ila si kila Mlawi ni kuhani. Hesabu na Mambo ya Nyakati vinaulinda mpaka huo. Kumbukumbu la Torati kinasema kwa namna nyingine, na nitarudi huko.

Hesabu: waliobeba maskani

Nguvu ya Hesabu ni utaratibu. Walawi hawamo katika sensa ya jeshi, ile ya wanaume 603,550 wa miaka ishirini na kuendelea. Wanahesabiwa peke yao, kuanzia mtoto wa kiume wa mwezi mmoja, kwa sababu wanachukuliwa badala ya wazaliwa wa kwanza wa Israeli yote. Walawi walikuwa 22,000, wazaliwa wa kwanza 22,273. Wale 273 waliozidi hawakuachwa hivi hivi: kila mmoja alikombolewa kwa shekeli 5, jumla shekeli 1,365, na fedha hizo akapewa Haruni na wanawe.

Hapa mwalimu ajiandae. Mwanafunzi makini atajumlisha koo tatu za sura ya 3, Gershoni 7,500, Kohathi 8,600 na Merari 6,200, naye atapata 22,300. Marabi, yaani walimu wa Kiyahudi wa kale, walieleza kwamba wale 300 walikuwa wazaliwa wa kwanza wenyewe, hivyo wasingeweza kusimama badala ya wengine. Wataalamu wengi wa leo wanaona kuwa herufi moja ilidondoka katika kunakili hesabu ya Kohathi, ambayo awali ilikuwa 8,300. Yapokee maswali ya namna hiyo kwa furaha, maana anayejumlisha ni mtu anayesoma.

Kambini kila ukoo ulikuwa na upande wake kuizunguka maskani, lile hema la ibada lililohamishwa jangwani: Gershoni magharibi, Kohathi kusini, Merari kaskazini, na Musa na Haruni na wanawe mashariki, penye mlango. Kazi yenyewe imeelezwa katika sura ya 4, na sura hiyo ningeisoma polepole hata kama ningelazimika kuacha nyingine. Kambi ilipokaribia kusafiri, Haruni na wanawe waliingia kwanza. Walilishusha pazia la sitara wakalifunika sanduku la agano kwa hilo, wakaweka juu yake kifuniko cha ngozi, kisha juu kabisa nguo ya rangi ya samawi tupu. Vyombo vingine, kama meza, kinara na madhabahu, vilifunikwa kinyume cha hapo: nguo ndani, ngozi nje. Kwa hiyo katika msafara ule wote, kitu kimoja tu kilionekana kwa mbali kikiwa cha samawi, nacho kilikuwa sanduku. Vitu vyote vilipokwisha kufungwa ndipo Wakohathi walipoitwa kubeba. Hawakuruhusiwa kuvigusa wala kuvitazama vikiwa wazi hata kwa dakika moja, wasije wakafa. Walibeba kitu kitakatifu kuliko vyote wasipate kukiona kamwe.

Sasa tazama usafiri, sura ya 7. Wakuu wa makabila walileta magari sita na ng'ombe kumi na wawili. Gershoni, wa mapazia na vifuniko, walipewa magari mawili na ng'ombe wanne. Merari walipewa magari manne na ng'ombe wanane. Kohathi hawakupewa kitu, kwa kuwa mzigo wao ulikuwa wa mabegani. Ni rahisi kudhani Merari walipendelewa, mpaka uhesabu walichobeba: mbao 48, mataruma ya kuzishikanisha, nguzo za ua, vigingi, kamba, na vitako 100 vya fedha vya kusimamishia mbao na nguzo, kila kitako talanta moja. Talanta ni zaidi ya kilo 30. Vitako peke yake ni tani tatu na ushee. Tena sura ya 4 inaagiza kila mtu apangiwe vyombo vyake kwa majina. Mtu mmoja wa Merari alijua kigingi kipi ni chake. Wanaofanya kazi za nyuma kanisani, wale wa kupanga viti na kubeba spika, wafundishwe kifungu hiki kabla ya kingine chochote.

Waliofaa kwa kazi hiyo, wenye miaka thelathini hadi hamsini, walikuwa 8,580. Sura ya 8 inataja miaka ishirini na mitano, na marabi waliielewa ile mitano ya mwanzo kuwa ya kujifunza.

Sura ya 16 ndiyo yenye uchungu. Kora alikuwa Mkohathi, wa ukoo ule ule uliobeba sanduku, naye alitaka na ukuhani. Alikusanya wakuu 250, na Musa akamuuliza kama anaona ni jambo dogo kutengwa na mkutano na kuletwa karibu kuihudumia maskani. Ukifundisha viongozi, hapo pana somo zima kuhusu aliyepewa kazi ya heshima akaipima kwa kazi ya jirani.

Na chakula? Sura ya 18 inajibu: zaka yote ya Israeli ni ya Walawi, iwe ujira wa utumishi wao, nao Walawi watoe zaka ya hiyo zaka kwa kuhani. Sura ya 35 inawapa miji 48 na malisho yake, sita kati yake ikiwa miji ya makimbilio. Yoshua 21 inaitaja mji kwa mji: 13 ya wana wa Haruni, 10 ya Wakohathi waliosalia, 13 ya Gershoni, 12 ya Merari.

Upungufu wa Hesabu ni kwamba Mlawi hana sura. Unajua mzigo wake, umri wake na upande wa hema lake, lakini hujui alivyoishi na majirani, kwa sababu hana majirani ila Walawi wenzake. Na kazi yenyewe ina mwisho: siku maskani isipohamishwa tena, Wamerari wafanye nini? Hesabu hakisemi.

Kumbukumbu la Torati: Mlawi aliye malangoni mwako

Hapa umeondoka kambini. Musa anazungumza na watu watakaolima, wenye mashamba ya mizabibu na mizeituni, na Mlawi anatokea katikati ya maisha yao. Mara kwa mara anatajwa pamoja na mgeni, yatima na mjane. Hebu lifikirie hilo. Mtu anayesimama mbele za Bwana kuhudumu na kubariki kwa jina lake, kama sura ya 10 inavyosema, anawekwa katika orodha ya watu wanaoweza kulala njaa. Sura ya 12 inaonya kabisa: jihadhari usimwache Mlawi siku zote ukaapo katika nchi yako. Onyo la namna hiyo hutolewa pale ambapo kusahau ni rahisi.

Kuhusu zaka, kitabu hiki kinasema jambo ambalo wengi hawajawahi kusikia likihubiriwa. Sura ya 14: zaka ya nafaka, divai na mafuta inaliwa na mtoaji mwenyewe, yeye na nyumba yake, mahali Bwana atakapopachagua. Njia ikiwa ndefu mno, aiuze, aifunge fedha mkononi, na akifika anunue chochote roho yake inachotamani, ng'ombe, kondoo, divai, kisha ale na kufurahi, na asimwache Mlawi aliye malangoni pake. Mwaka wa tatu zaka yote inabaki mjini, kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe.

Weka hilo kando ya Hesabu 18. Kule zaka yote ni ya Walawi, ni mshahara. Huku ni karamu ya familia miaka mingine, na mwaka wa tatu ni ghala la maskini, Mlawi akiwa mmoja wao. Marabi walizipatanisha sheria hizi kwa kuzihesabu kuwa zaka tofauti: ya kwanza kwa Mlawi kila mwaka wa mavuno, ya pili ya kuliwa Yerusalemu, na ya maskini katika mwaka wa tatu na wa sita wa kila mzunguko wa miaka saba. Julius Wellhausen, mtaalamu wa Ujerumani aliyeandika mwaka 1878, na wengi waliomfuata, walisema ni sheria za nyakati mbalimbali, Kumbukumbu la Torati ikiwa ya mapema zaidi. Huhitaji kuamua kati yao ili kufundisha vizuri. Unachohitaji ni kutomficha msomaji kwamba sheria zote mbili zimo. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimesikia mahubiri mengi ya zaka yaliyoanza Hesabu 18, yakarukia Malaki 3, na kuiacha Kumbukumbu 14 kama vile haikuandikwa. Aliyenyimwa sura hiyo hajafundishwa zaka. Amepewa nusu yake.

Tofauti ya pili ni ukuhani. Kitabu hiki kinapenda kusema makuhani Walawi, na sura ya 18 inaongeza: kabila lote la Lawi. Inaruhusu Mlawi wa mji wowote, akitamani kwa roho yake yote, aende mahali palipochaguliwa ahudumu na ale sehemu sawa na wenzake. Wellhausen aliona hapo dalili kwamba kulikuwa na wakati Walawi wote walihesabiwa kuwa makuhani. Wengine wanaona ni namna ya kusema tu, kabila likitajwa kwa jumla. Vyovyote vile, anayetaka kufundisha ngazi za utumishi kwa kitabu hiki atahangaika. Kuhusu ngazi, fungua Hesabu.

Kazi za Mlawi huku ni za akili na kinywa zaidi kuliko za mabega. Ni kweli sanduku bado ni lao. Lakini pia wanakaa pamoja na mwamuzi kesi ngumu zinapoletwa, sura ya 17. Wanatamka laana kwa sauti kuu mbele ya watu wote, sura ya 27. Wanakabidhiwa torati iliyoandikwa, na kila mwaka wa saba, katika sikukuu ya vibanda, isomwe mbele ya wanaume, wanawake, watoto na wageni, sura ya 31. Katika baraka ya Musa, sura ya 33, Lawi ndiye atakayemfundisha Yakobo hukumu za Bwana.

Na ukitaka kumwona Mlawi huyu akitembea kwa miguu, nenda Waamuzi 17. Kijana Mlawi anatoka Bethlehemu ya Yuda, anatafuta mahali pa kukaa. Anafika nyumbani kwa Mika, katika nchi ya milima ya Efraimu. Mika anamwuliza watoka wapi, naye anajibu wazi kwamba yeye ni Mlawi na anatafuta popote atakapopata. Mika anampa kazi ya kuwa kuhani wa nyumba yenye sanamu: shekeli 10 za fedha kwa mwaka, nguo, na chakula. Kijana anakubali. Sura inayofuata Wadani wanapita, wanamwuliza lipi bora, kuwa kuhani wa nyumba ya mtu mmoja au wa kabila zima, na moyo wake unafurahi, anaondoka nao pamoja na sanamu za Mika. Mwisho wa sura ya 18 anatajwa kwa jina, Yonathani mwana wa Gershomu, na jina la babu yake katika maandiko ya Kiebrania limeandikwa kwa namna inayosomeka Manase au Musa, herufi moja ikiwa imeinuliwa juu ya mstari. Somo hili likisomwa baada ya Kumbukumbu 12, watu wanatambua wenyewe kwamba Mlawi aliyeachwa na majirani anapatikana kwa bei, na bei yenyewe ni ndogo.

Mambo ya Nyakati: mzigo umeshushwa

Swali ambalo Hesabu kiliacha wazi linajibiwa hapa kwa maneno yenyewe. Katika 1 Mambo ya Nyakati 23, Daudi anasema Walawi hawatahitaji tena kuibeba maskani. Katika 2 Mambo ya Nyakati 35, Yosia anawaambia waliweke sanduku nyumbani mwa Sulemani, kwani halitakuwa tena mzigo mabegani mwao, sasa wamtumikie Bwana na watu wake. Kazi ya mababu imekwisha, na kabila linapewa kazi nyingine bila kuondolewa katika utumishi.

Mgawanyo wa Daudi ni huu: Walawi 38,000, kati yao 24,000 wa kusimamia kazi ya nyumba ya Bwana, 6,000 maofisa na waamuzi, 4,000 mabawabu, na 4,000 wa kumsifu Bwana kwa vinanda. Umri wa kuanza unashushwa hadi miaka ishirini. Waimbaji waliofundishwa, sura ya 25, ni 288 katika zamu 24, kumi na wawili kila zamu, chini ya Asafu, Hemani na Yeduthuni, nao walipiga kura, mwalimu sawa na mwanafunzi. Kwa kiongozi wa kwaya hakuna sura nyingine ya Biblia yenye manufaa ya karibu kuliko hii: zamu zinajulikana, mafunzo yapo, na mkubwa hachagui siku yake.

Mabawabu wasisahaulike, maana kwao kuna habari njema kuliko zote katika kitabu hiki. Sura ya 26 inapanga walinzi mpaka idadi ya kila upande: sita mashariki, wanne kaskazini, wanne kusini, wawili wawili kwenye ghala, wanne njiani upande wa magharibi na wawili kwenye ukumbi wa huko. Walikuwa akina nani? Wengi ni wa ukoo wa Kora. Wazao wa yule aliyetaka ukuhani wanasimama mlangoni. Na Zaburi ya 84, yenye kichwa cha wana wa Kora, ndiyo inayosema afadhali kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu. Ukifundisha Hesabu 16, usiwaache watu kwenye shimo la ardhi iliyofunguka ikawameza waasi. Wafikishe hapa.

Upungufu wa Mambo ya Nyakati ni kwamba Mlawi wa kijijini anapotea. Unamwona akiwa hekaluni kwa zamu, amepangwa na kuvikwa, karibu kila mara karibu na mfalme. Hata hivyo kitabu kina uaminifu wake. Wakati wa Hezekia, 2 Mambo ya Nyakati 29, makuhani walikuwa wachache mno kuchuna wanyama wa sadaka, ndugu zao Walawi wakawasaidia, na mwandishi anasema Walawi walikuwa wanyofu wa moyo kuliko makuhani katika kujitakasa. Na katika sura ya 17, Yehoshafati anawatuma Walawi na makuhani pamoja na maofisa wazunguke miji ya Yuda wakifundisha, kitabu cha torati mikononi.

Ukikichagua kitabu hiki, kisomwe pamoja na Ezra na Nehemia, la sivyo utabaki na picha ya sherehe tu. Waliorudi kutoka Babeli katika Ezra 2 walikuwa makuhani 4,289 na Walawi 74, ukiwaacha waimbaji 128 wa Asafu na mabawabu 139 waliohesabiwa peke yao. Ezra mwenyewe alipokusanya msafara wake kando ya mto Ahava, hakuona Mlawi hata mmoja. Ikabidi atume watu kwa Ido huko Kasifia, wakapatikana 38. Halafu Nehemia 13: Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta chumba kikubwa kilichokuwa ghala la zaka amepewa Tobia, mpinzani wake wa zamani, akae humo, na Walawi na waimbaji wamekimbia kila mtu shambani kwake, kwa kuwa hawakupewa sehemu zao. Anatupa nje vyombo vya Tobia, anawakaripia wakuu, anawarudisha Walawi, na anaweka watunza hazina wanne walioaminika, akiwemo Mlawi, ili wagawie ndugu zao. Malaki 3, mstari wa ghala unaonukuliwa kila Jumapili, unaeleweka vizuri zaidi ukisomwa karibu na chumba hiki.

Ezekieli, kwa kifupi

Ezekieli 44 inawashusha Walawi waliofuata sanamu wawe walinzi wa malango na wachinjaji, na kuwaachia wana wa Sadoki, ukoo mmoja wa makuhani, kukaribia madhabahu. Ni sura nzito, na si ya kuanza nayo. Ajabu ni kwamba sura ya 48 inawapa Walawi eneo la ardhi, jambo ambalo torati haikuwapa. Iache kwa darasa lililokwisha kukomaa.

Uchague nini

Kama swali la kikundi chako ni zaka na matunzo ya watumishi, chagua Kumbukumbu la Torati na Hesabu kwa pamoja, usitenganishe. Kumbukumbu 14 na Hesabu 18 zisomwe jioni moja, kisha Nehemia 13 wiki inayofuata, ili wanaotoa na wanaopokea wote wasikie sehemu yao. Kitabu kimoja peke yake hapa kinaumiza upande mmoja.

Kama unaongoza kwaya au timu ya sifa, Mambo ya Nyakati ndicho kitabu chako. Makanisa mengi yamezoea kuwaita waimbaji Walawi, na ni jina zuri, ila lina deni: waimbaji wale walikuwa sehemu ndogo ya kabila lenye mabawabu, wahasibu wa ghala, waamuzi na walimu. Soma sura za 23 hadi 26 zote, usichomoe ya 25 peke yake.

Kwa viongozi wanaogombania vyeo, Hesabu 4 na 16, umalizie na Zaburi 84. Kwa anayejiandaa kusoma Waebrania 7, penye hoja ya Melkizedeki na ukuhani wa Lawi, Hesabu 17 na 18 vinatosha kumpa msingi. Watoto wapewe Hesabu pia, kwa sababu kambi inachoreka: wape karatasi, waweke maskani katikati na kila ukoo upande wake.

Kwa kikundi cha kawaida kisicho na swali maalumu, ushauri wangu haubadiliki: anza na Kumbukumbu la Torati. Hesabu kinakupa mfumo na Mambo ya Nyakati kinakupa uzuri, lakini Kumbukumbu kinamweka Mlawi mlangoni pa msomaji, na baada ya hapo sheria nyingine zote zinahusu mtu anayemjua. Aliyeanza na sensa anaona namba 22,000. Aliyeanza na Kumbukumbu 12 anajiuliza hao 22,000 watakula kwa nani.

Ukiwa na vipindi sita, vipange hivi: Mwanzo 49 na Kumbukumbu 33 kwa pamoja, laana na baraka; Kumbukumbu 12, 14 na 18; Waamuzi 17 na 18; Hesabu 3, 4 na 7, mwenye penseli ahesabu vitako vya Merari; Hesabu 16 na 18; kisha 1 Mambo ya Nyakati 23 hadi 26 pamoja na Nehemia 13. Kama muda ni wa vipindi viwili tu, chukua cha pili na cha sita. Na mtu akiuliza mwishoni kama Walawi walibaki bila ardhi milele, mfungulie Matendo 4: Yusufu aliyeitwa Barnaba, Mlawi wa Kipro, alikuwa na shamba, akaliuza, akaileta fedha akaiweka miguuni pa mitume.